Je, Wajua? Moto Hauui Kila Kitu

Je, wajua kwamba nyama ya kasa inaweza kuua hata ikichemshwa kutwa nzima? Machi 2024, katika Kisiwa Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki dunia baada ya kula kasa, na watu wengine 78 wakalazwa. Novemba 2021, Pemba hiyo hiyo ilikuwa imeshazika watu 7 kwa kitoweo hicho hicho. Inadhaniwa sumu hutokana na mwani na viumbe wengine wa baharini ambao kasa huwala. Yeye hadhuriki, anayedhurika ni mlaji wake. Sumu hiyo haina harufu, dawa yake haijulikani, na moto haufui dafu mbele yake. Watoto ndio huzidiwa haraka zaidi. Kasa pia analindwa na sheria, kwa hiyo zipo sababu mbili za kumwacha aende zake.

Samaki bunju naye ni vivyo hivyo. Sumu yake imejaa kwenye ini na mayai, haiharibiki jikoni, na humpooza mtu misuli ya kupumulia huku akili yake ikiwa timamu kabisa.

Na jodari? Huyo hana kosa. Kosa ni la aliyemwacha juani. Samaki wa jamii yake akikaa bila barafu, bakteria hugeuza nyama yake ikatengeneza histamini, nayo haitoki kwa kukaangwa. Mlaji huwashwa, uso ukawa mwekundu, kichwa kikamgonga, akaambiwa ana mzio wa samaki. Wengi wa hao hawana mzio wowote. Walikula jodari aliyekosa barafu tangu chomboni.

Tumelelewa kuamini kwamba kitu kikichemka kimeshapona. Kwa vijidudu vingi ni kweli, wala usiache kuchemsha. Ila safari hii ukurasa huu ni wa mambo yanayoushinda moto, pua na macho.

Je, wajua kwamba sumukuvu ilianza kujulikana kwa sababu ya bata mzinga? Mwaka 1960 nchini Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 bila ya mtu kujua wamepatwa na nini. Wataalamu walipochunguza chakula chao wakakuta mashudu ya karanga kutoka Brazili yaliyoota ukungu. Ukungu wenyewe si kitu cha ajabu. Ni ule wa kijani kibichi au wa manjano unaouona kwenye punje ya hindi au karanga iliyopata unyevu. Sumu unayoiacha ndiyo balaa.

Wakati huo msiba ulikuwa wa ndege. Mwaka 2004 ulihamia Ukambani, Kenya: Makueni, Kitui na wilaya za jirani walipatikana wagonjwa 317, wakafa 125, na chanzo kikubwa kilikuwa mahindi yao wenyewe waliyovuna mabichi na kuyahifadhi ndani ya nyumba kabla hayajakauka. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara, ambako watu 20 walipoteza maisha. Hao ni wale waliokula nyingi kwa mara moja. Wanaokula kidogo kidogo miaka nenda rudi hawaanguki. Ini lao ndilo linaloumia polepole, na mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B yumo hatarini mara nyingi zaidi ya mwenzake kupata saratani ya ini.

Ugali hauiondoi. Joto la maji yanayochemka haliivunji sumu hii, hata usonge mpaka mwiko uvunjike. Kinachosaidia ni kazi ya kabla ya jikoni. Kuchambua punje zilizooza, zilizopasuka na zenye ukungu hupunguza sana. Kukoboa nako hupunguza, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini. Najua wapenzi wa dona hawatafurahi. Dona ni chakula bora kuliko sembe, ila dona la mahindi mabovu halina ubora wowote.

Utajuaje mahindi yamekauka, na kipimo cha unyevu hakipo kijijini? Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Tia mahindi mpaka theluthi moja, ongeza chumvi kavu vijiko vichache, funga, tikisa kwa dakika moja au mbili, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu wa kupita asilimia 15. Yarudishe kwenye turubai. Ikiteremka yote chini, umekaribia. Kiwango kinachotakiwa ghalani ni asilimia 13.5. Kipimo hiki hakina betri, nacho kinamfaa mtu yeyote mwenye chumvi nyumbani.

Halafu tunachofanya na yale mahindi mabovu tuliyoyachambua ndicho kinachonishangaza: tunampa ng'ombe. Ng'ombe akila sumukuvu leo, kesho imo kwenye maziwa, imebadilika umbo tu, wala kuyachemsha hakuiondoi. Mtoto anakunywa kile ambacho baba yake alikikataa.

Je, wajua kwamba yako maji ambayo ukiyachemsha unayazidisha ubaya? Panda Arusha, zunguka miteremko ya Mlima Meru, pita baadhi ya maeneo ya Kilimanjaro, Singida na Shinyanga, au vuka mpaka uende Nakuru na Naivasha: miamba ya volkano ya Bonde la Ufa imetia maji floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita, na viko visima na chemchemi zinazoupita mara kadhaa. Maji ni maangavu, baridi, matamu. Unapoyachemsha, mvuke unaruka na floraidi inabaki, kwa hiyo kilichosalia sufuriani ni kikali kuliko kilichoingia.

Ndiyo asili ya yale meno ya kahawia ambayo watu wa Arusha wametaniwa nayo tangu shule za bweni. Hayatokani na uchafu wala uvivu wa kupiga mswaki. Jino huharibiwa likiwa bado ndani ya ufizi, utotoni, kabla mwenyewe hajajua mswaki ni nini. Kiwango kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo hukakamaa na mingine kupinda. Na hapa kuna jambo ambalo mapishi ya kaskazini hayalipendi: magadi yanayolainisha maharage na makande nayo yana floraidi, mengine kwa wingi. Anayekunywa maji ya namna hiyo na kupikia magadi kila siku anajizidishia mara mbili.

Dawa mojawapo ni mifupa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Maji yakichujwa humo, floraidi hunaswa. Njia nyingine haina utaalamu wowote: maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba, kwa hiyo yavune kwa ajili ya kunywa na kupikia, hasa kwa watoto walio chini ya miaka 8.

Je, wajua kwamba kiporo cha wali kinaweza kukutapisha hata ukikipasha mpaka kikatoa moshi? Kuna bakteria anayeishi kwenye mchele akiwa amejifungia kama mbegu. Kuchemka hakumuui. Wali ukibaki kwenye sufuria usiku kucha juu ya meza, anaamka, anazaana, anatoa sumu inayostahimili joto. Asubuhi unapasha wali, unamuua yeye, sumu yake unaila. Kutapika huanza ndani ya saa chache, mara nyingi hazizidi 6. Pilau la shughuli lililopikwa alfajiri na kuliwa alasiri linaingia humo humo. Kanuni ni saa 2: chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya hapo; ama kiwe moto sana, ama kiwe kwenye jokofu, na kwenye jokofu kiingie kikiwa kimetandazwa, kisiwe mlima mmoja unaobaki na joto katikati mpaka usiku.

Kuku mbichi usimwoshe. Nimelisema, naujua uzito wake kwa mtu aliyefundishwa na bibi kumsugua kwa ndimu na chumvi. Maji yanayorukaruka kutoka kwenye kuku hubeba vijidudu mpaka kwenye kachumbari iliyo kando. Vijidudu hivyo moto unaviweza: nyama ikifika nyuzi 70 mpaka ndani, kazi imekwisha. Ndimu itie kwenye mchuzi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba chakula kisicho salama huwaletea ugonjwa watu milioni 600 kila mwaka na kuua 420,000. Kati yao Afrika ilikuwa na vifo takriban 137,000.

Je, wajua kwamba unga wa muhogo mchungu unaweza kusafishwa na maji kidogo tu na jua? Muhogo mchungu una sayanidi. Watu wanaufahamu vizuri, wanauloweka na kuuanika siku kadhaa. Taabu huja mwaka wa njaa, watu wanapofupisha siku. Ndivyo ilivyokuwa Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, na Tarime mwaka 1985: watu, wengi wao watoto na akina mama, waliamka miguu imepooza, na kupooza huko huwa kwa maisha yote. Njia iliyogunduliwa baadaye ni hii: loweka unga kwa maji mpaka ulowe wote, utandaze safu nyembamba isiyozidi sentimita moja kwenye mkeka au turubai, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha usonge ugali siku hiyo hiyo. Sayanidi huruka kama hewa. Hapa kazi ni ya muda, moto unakuja mwishoni.

Sasa tuwageukie wapangaji wasiolipa kodi.

Inzi hana meno. Akitua kwenye andazi lako huonja kwa miguu, kisha hulitapikia ili lilainike, ndipo afyonze. Na miguu hiyo jana ilikuwa chooni. Kwenye joto letu, yai la inzi huwa inzi kamili kwa siku 7 hadi 10, kwa hiyo jalala lisilozolewa kwa wiki mbili ni kiwanda cha inzi.

 

Yule mende mkubwa mwekundu anayeitwa wa Marekani kwa jina la kisayansi ni wa kwetu. Asili yake ni Afrika, akasafiri kwa merikebu. Mbali na kuchafua chakula, kinyesi chake na magamba yake yaliyokauka huwa vumbi linaloamsha pumu, hasa kwa watoto. Anayemtibu mtoto pumu kila mwezi aangalie na nyuma ya kabati la jikoni.

Kunguni, kwa mateso yake yote, hajulikani kumwambukiza binadamu ugonjwa wowote. Anakaa miezi bila kula akikusubiri. Lakini watu hunyunyiza dawa ya shambani kwenye godoro wanalolalia watoto ili wamwondoe. Hapo sumu imekuwa mbaya kuliko mdudu. Maji ya moto kwenye mashuka na vitanda, jua kali, na kuziba nyufa ni kazi ya kuchosha, ila haimwingii mtu kwenye mapafu.

Panya mdogo hupenya tundu la unene wa penseli, milimita 6 hivi. Meno yake hayaachi kukua, ndiyo maana anatafuna hata asichokula. Mkojo wake unabeba homa ya mgunda, ile iliyotikisa Ruangwa mkoani Lindi mwaka 2022. Wagonjwa walivuja damu puani, na kati ya 20 waliotambuliwa watatu walifariki. Vijidudu hivyo huingia kupitia mchubuko wa ngozi, mtu akikanyaga maji au tope lililochafuliwa. Anayeingia mpunga pekupeku, au kuzibua mtaro bila buti, ajue hilo.

Kwa haki lakini, si kila panya ni mhalifu. Magawa, panya buku aliyefunzwa Morogoro na shirika la APOPO, alipelekwa Kambodia akanusa mabomu zaidi ya 100 yaliyofukiwa ardhini, na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu na shirika la wanyama la PDSA la Uingereza. Alikufa Januari 2022. Wenzake bado wanasaidia kunusa kifua kikuu kwenye makohozi.

Mbu wa dengi huuma mchana, kwa hiyo chandarua peke yake hakitoshi. Mayai yake hubandikwa kwenye ukuta wa ndoo au tairi na hukaa makavu miezi kadhaa yakingoja maji. Kumwaga maji ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kusugua kuta za chombo. Mbu huyo huyo hueneza chikungunya, homa iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza nyanda za juu za Makonde, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952.

Je, wajua kwamba mkaa uliokwisha moshi ndio wa kuogopwa? Mkaa unaofuka hutoa machozi, mtu akatoka nje. Ukishakolea na kuwa mwekundu, unaonekana umetulia, ndipo wenyeji wa baridi ya Njombe, Lushoto au Limuru wanapouingiza chumbani na kufunga dirisha. Hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kwa hiyo hudhaniwa malaria. Alama ya kuitofautisha ni hii: nyumba nzima inaumwa kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu. Jiko lisilale chumbani na watu, hata likiwa limebaki kaa moja.

Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, usimtapishe na usimnyweshe maziwa. Yakirudi juu huingia kwenye mapafu, na huko ndiko yanakoua. Mpeleke hospitali na chupa yake.

Na wewe unayependa choo kiwake: dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe usiichanganye na asidi ya kusugulia choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ile iliyotumika kuua askari vitani huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Choo cha mita moja kwa mbili kisicho na dirisha ni mahali pabaya pa kuijaribu.

Je, wajua kwamba petroli yenye risasi ilikoma kuuzwa vituoni duniani juzi tu, mwaka 2021, Algeria ikiwa nchi ya mwisho? Nazungumzia risasi ile ya madini, isiyohitaji bunduki ili idhuru. Mwili hauna kazi nayo hata kidogo, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mtoto huifyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Huingia kwenye ubongo unaokua, kilichobaki kikajificha mifupani kwa miongo, na kwa mwanamke hutoka tena wakati wa ujauzito kumfuata aliye tumboni.

Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, unaijua. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa hapo mwaka 2007. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, aligundua mtoto wake amepata sumu ya risasi, akaanza kupiga kelele, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, yeye akapata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaagiza wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Lakini risasi haihitaji kiwanda. Imo kwenye baadhi ya rangi za mafuta, zile za kung'aa za manjano na nyekundu, zikibanduka dirishani na mtoto akatia kidole mdomoni. Imo kwenye baadhi ya sufuria zinazotengenezwa kwa vyuma chakavu. Vipimo vya Kamerun vilionyesha inatoka na kuingia kwenye chakula, na vyakula vikali kama nyanya, ndimu na ukwaju ndivyo huitoa zaidi. Imekutwa pia, pamoja na aseniki, kwenye udongo uitwao pemba unaoliwa na wajawazito. Dada, hamu hiyo naielewa. Mweleze mkunga kliniki, akupime damu. Mara nyingi anayetamani udongo ana upungufu wa madini ya chuma.

Zebaki ina milango miwili. Mmoja ni machimbo ya dhahabu, kule Geita na Chunya, ambako mchimbaji mdogo huichanganya na mchanga wenye dhahabu kisha huichoma. Wengine huichomea jikoni, kwenye kikaango cha nyumbani, na mvuke unatandaa kwenye kuta na godoro. Mlango wa pili ni mkorogo. Sabuni na krimu kadhaa za kung'arisha ngozi zina zebaki, nayo huharibu figo, na taulo la mama huipeleka kwa mtoto. Mkataba wa Minamata wa kuibana zebaki ulianza kutumika mwaka 2017. Jina ni la mji wa Japani ambao mwaka 1956 ulitambua ugonjwa uliokuja kujulikana baadaye kuwa ulitokana na samaki waliojaa zebaki ya kiwandani, baada ya paka wa mji kuanza kuanguka na kucheza kama wenye kifafa.

Nimebakiwa na nafasi ya ombi moja kwa wakulima. Ukimaliza dawa ya kupulizia, kopo lake lisuuze mara tatu, kila mara maji ya suuzo uyarudishe kwenye pampu uyapulizie shambani, kisha litoboe chini kwa msumari, siku hiyo hiyo, kabla mtu hajaliona na kulifanya la kuchotea maji.